Kawa ya Shanga Nyekundu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa chungu jikoni!
Kina nini ndani?
— Funua tuone!

Basi hapo kale, katika mji wa Kikutani, paliondokea mpishi, jina lake Siwema. Mji huo ulikuwa na desturi yake. Kila baada ya mavuno wapishi walipika wali wa nazi, kila mmoja akafunika chungu kwa kawa yake, na Jumbe Mngwali akaonja. Mshindi ndiye aliyepikia harusi zote za mwaka. Na aliyeshindwa mara tatu alimkabidhi mshindi mwiko wake, asipikie harusi tena mpaka kufa. Desturi ngumu, eh? Ngumu, lakini yao.

Mwaka wa kwanza, Jumbe akaona kawa ya shanga nyekundu, kawa ya mpishi mwingine, Bi Zuhura. Hata hajaonja, mate yamemjaa.

"Mtamu!"

Akafunua kawa ya Siwema, kuukuu, imechanika ukingo. "Mh! Umepoa." Umepoa, jamani, na mvuke unapanda!

Mwaka wa pili, vilevile. "Mtamu!" huku, "Mh!" kule.

Mwaka wa tatu Siwema aliutazama mwiko wake, mwiko alioachiwa na mama yake, roho ikamuuma. "Wangu ndio mtamu," akajiambia. "Naujua hata nikifumba macho." Shikeni neno hilo, wenzangu, litatufaa.

Watu walipokwenda kunawa mikono, alibadili kawa yake na ya Bi Zuhura haraka haraka.

Jumbe akaja. Akafunua kawa ya shanga. "Mtamu! Mtamu! Mtamu!" Akafunua ile kuukuu. "Mh!"

"Jumbe, uniwie radhi," akasema Siwema. "Leo umeonja kawa, hukuonja wali. Nimezibadili. Uliousifu ni wangu."

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akaona haya, akajipangusa midomo.

"Hila tu hizo!" Bi Zuhura akapandisha sauti. "Nifungeni macho nionje. Wali wangu haunipotei."

"Na mimi nifungeni!" akasema Siwema.

Bi Zuhura akafungwa leso, akaonja vyote viwili. "Huu ndio wangu! Nani mwingine anapika hivi?" Kilikuwa chungu cha Siwema.

Siwema akacheka mpaka akashika mbavu. Naye akafungwa, vyungu vikabadilishwa nafasi. Akaonja, akatafuna, akameza. "Huu! Nazi hii nimeikuna mwenyewe!"

Akafungua leso. Mkono wake uko kwenye chungu cha Bi Zuhura.

Lo! Uso ulimshuka Siwema. Kisha cheko likamtoka, la mwenzake likafuata.

"Dada Zuhura, kumbe unapika!"

"Na wewe, mdogo wangu, kumbe unapika!"

Hakuna aliyetoa mwiko. Harusi za mwaka ule walipika pamoja, chungu kimoja, mwiko huu na mwiko ule. Bwana harusi alipouliza huo utamu ni wa nani, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Aliyeshiba ashukuru, asiyeshiba akakune nazi!