Lodi Asiye na Kura

Hapo zamani, katika mji wa Pelbury nchi ya Uingereza, palikuwa na msafisha dohani, jina lake Enoki Pardu, fukara wa kutupwa na mwenye ulimi mwepesi. Aliishi na mama yake, kikongwe asiyeweza kuondoka kitandani, katika nyumba ya kupanga. Na nyumba ile, kama nusu ya nyumba za mji, ilikuwa mali ya kabaila mmoja, Lodi Wexmoor.

Basi ikawa mjumbe wa mji ule katika Bunge amekufa kwa kuvimbiwa nyama ya bata bukini, na uchaguzi mdogo ukatangazwa. Lodi akataka kiti kile kikaliwe na mpwa wake Persivali, kijana mzuri wa sura asiyejua kitu ila farasi. Akawakusanya wapangaji wake, akaapa mbele ya kasisi: "Siku ya kura mtanifuata mimi. Atakayefanya nisilolifanya, nitamtoa nyumbani mwangu siku hiyo hiyo."

Enoki alimwona Persivali hafai kuchunga hata kuku, lakini kumtoa mama yake nje kwenye baridi ile ni kumuua. Akawaza na kuwazua, kisha akacheka peke yake, akapita nyumba kwa nyumba kuwanong'oneza wenzake.

Siku ikafika. Lodi akatangulia kwa madaha, tarumbeta zikilia, wapangaji nyuma yake na tepe za buluu, rangi ya upande wa Persivali. Akainua kofia, wote wakainua. Akapiga chafya, umati mzima ukapiga chafya. Yeye akadhani ni adabu, akafurahi sana. Walipofika kwenye ukumbi wa kura Lodi akasimama kando ya mlango, nao wakasimama.

"Mbona hamwingii?" akauliza.

"Twakungoja wewe, bwana wetu," akajibu Enoki.

"Mimi siingii. Sheria hairuhusu lodi kupiga kura."

"Basi nasi hatupigi. Uliapa kumtoa afanyaye usilolifanya, nami nina mama mgonjwa."

Lodi akaiva uso. Alitamani kusema, ingieni mkampe mpwa wangu. Lakini askari alikuwa pale pale mlangoni, na sheria ilimkataza lodi kuingilia kura za watu. Saa zikapita, watu wa mgombea wa upande wa pili wakiingia na kutoka, mpaka Persivali akaja mbio akihema. "Mjomba, wakikaa hivi tumekwisha."

"Haya," Lodi akasema kwa sauti ndogo, "kiapo nimekiondoa. Kila mtu na apige kura apendavyo, wala hatatolewa mtu nyumbani."

"Walio nyuma hawajasikia, bwana," akasema Enoki, "na kasisi naye ana sikio zito."

Ikambidi ayarudie maneno yale kwa sauti kuu. Ndipo wakaingia wote, na jioni ile Persivali akashindwa vibaya.

Lodi akamwita Enoki. "Ewe mwana wa masizi, sema kweli. Kura yako ulimpa nani?"

"Nilikutii, bwana wangu. Nilimpa nimpendaye."

Lodi akamkazia macho, akajaribu kukasirika, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Naye Enoki akarudi nyumbani kumwashia mama yake moto.