Shada la Mtoto wa Kwanza

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, bali ile ambayo baadhi ya mashahidi wake wangali hai, palikuwa na mjane katika milima ya Upare. Watu walimwita Mama Nakundwa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Huyo mtoto naye alikuwa amepewa jina la bibi mzaa baba. Baada yake akazaliwa Mbazi, na baada ya Mbazi baba yao akafariki.

Shamba lao lilinyweshwa na ndiva, yaani bwawa dogo la udongo ambalo watu wa kule hulijenga juu ya mfereji. Maji hujaa usiku, hufunguliwa alfajiri, na kila ukoo una zamu yake. Zamu ikikupita umelala, maji ni ya jirani na huna wa kumlaumu.

Mabinti wale walipishana mwaka mmoja, wakaandikishwa shule siku moja, wakakaa dawati moja. Walipomaliza darasa la saba, shule nzima walichaguliwa watoto wawili kwenda sekondari. Nakundwa alikuwa mmoja wao. Mbazi hakuchaguliwa.

Mwezi uleule mama yao akateleza kwenye kingo za ndiva, akavunjika nyonga. Akalazwa ndani. Wa kumgeuza kitandani akatakiwa, wa kupika akatakiwa, wa kwenda kwenye zamu ya maji akatakiwa. Mbazi alikuwa mwembamba, hata debe la maji lilimshinda. Nakundwa akasema, "Nitabaki mimi." Hakuna aliyemwambia aseme hivyo, na hakuna aliyemkataza.

Ndipo mwalimu mkuu akapanda mpaka nyumbani kwao.

"Mama Nakundwa," akasema, "nafasi ya shule ni kama zamu ya maji. Ikikupita inakwenda shamba la mwenzio. Huyu mdogo aende badala ya dada yake. Ila itabidi aende kwa jina lililo kwenye orodha."

Mama akamwita Mbazi kando ya kitanda.

"Jina hili ni la mkwe wangu, na sasa ni la dada yako. Hupewi. Unaazima. Na kitu cha kuazima hufanywaje?"

"Hurudishwa, mama."

"Utarudisha?"

"Nitarudisha."

Shangazi yao, Nambike, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Akasema bila kuinua macho, "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini nendeni, nani ananisikiliza mimi."

Basi Mbazi akaenda sekondari, akaitwa Nakundwa. Mama akatia sahihi fomu. Nakundwa akabaki nyumbani, akamgeuza mama, akafungua maji.

Miaka minne ikapita. Mbazi akarudi na cheti cha kidato cha nne. Alama hazikutosha kwenda kidato cha tano, lakini zilitosha kwenda chuo cha kati, kile kilichoko tambarare, kinachofundisha mambo ya umwagiliaji. Alipofika nyumbani hata mzigo hakuutua kwanza. Alikiweka cheti kwenye mapaja ya dada yake.

"Dada, jina lako nimelirudisha."

Nakundwa alikisoma cheti chote, juu mpaka chini. Mama alikuwa bado hawezi kusimama bila mkono wa mtu. Nakundwa akasema, "Liache litembee kidogo."

Mbazi akaenda chuo. Mama akatia sahihi fomu. Nakundwa akabaki, akamgeuza mama, akafungua maji.

Mwaka huo kituo cha elimu ya watu wazima kikafunguliwa pale kwenye kata. Nakundwa alikwenda siku ya kwanza, amevaa vizuri, na daftari mkononi. Mwandikishaji akamwambia, "Andika jina lako hapa." Akashika kalamu. Akafikiri kwamba jina lile liko darasani tambarare saa hiyohiyo, na kwamba mtu mmoja hawezi kuwa madarasa mawili bila kuuliziwa. Akaiweka kalamu mezani, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi tena. Daftari lile likabaki tupu.

Halikubaki tupu siku nyingi. Mwaka wa pili wa chuo, Mbazi akaja likizo na shida. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya mradi wa mwisho, na yeye alitaka kuandika kuhusu ndiva yao: maji yanaingia kiasi gani, yanapotea kiasi gani, yanapotelea wapi. "Lakini anayepima lazima awepo kila siku," akasema, "na mimi sipo."

"Mimi nipo," akasema Nakundwa.

Akachonga ufito, akautia alama kwa kisu. Kila alfajiri kabla ya kufungua maji aliuzamisha pale kwenye jiwe la katikati, akaandika. Kila jioni akauzamisha tena, akaandika. Masika ikaja akaandika, kiangazi kikaja akaandika, vuli ikaja akaandika. Aliandika hata ambayo hakuagizwa: *leo kaa wamechimba upande wa mashariki, leo maji yamefika mpera wa Mzee Mrindoko saa moja kasoro robo, jana yalifika saa kumi na mbili na nusu.* Ni yeye aliyegundua kwamba mfereji hauvuji pale watu walipopalaumu, bali kwenye kona ya tatu, chini ya mizizi. Mbazi akalichukua daftari, akakokotoa, akachora, akaandika kurasa arobaini kwa Kiingereza kilichonyooka. Walimu walisema hawajapata kuona mradi kama ule.

Siku ya kuhitimu alirudi na kitabu cha mradi, akakiweka kwenye mapaja ya dada yake pamoja na stashahada. "Dada, jina lako nimelirudisha."

Nakundwa akafungua ukurasa wa shukrani. Paliandikwa hivi: *Namshukuru mdogo wangu Mbazi, aliyenisaidia kupima.* Akausoma mara mbili. Mama alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kisichopona. Nakundwa akafunga kitabu, akasema, "Liache litembee kidogo."

Sasa, kutoka chuo kile cha kati kwenda chuo kikuu cha umma haikuwa safari ya kila mtu. Wenye stashahada walipokelewa wachache, na kwa somo lile la uhandisi wa maji, chuo kile kilipewa nafasi moja tu kwa mwaka. Waliogombea mwaka ule walikuwa kumi na tisa. Wakabaki wawili: Mbazi, anayejulikana kama Nakundwa, na binti mmoja aitwaye Tumsifu, ambaye walilala chumba kimoja na kusoma kwa taa moja kwa miaka mitatu. Masomo yote walikuwa sawa. Mradi ndio uliowatenganisha. Barua ikaenda kwa jina la Nakundwa, na Tumsifu akaandikiwa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mwenye nafasi asiporipoti ifikapo Jumatatu saa tisa alasiri, nafasi itakuwa yake.

Ndani ya barua kulikuwa na fomu. Mzazi, au ndugu wa karibu ikiwa mzazi hayupo, athibitishe kwa sahihi kwamba mwombaji ndiye mwenye jina lililoandikwa.

Barua ilifika nyumbani Jumanne. Safari hii Mbazi hakuiweka kwenye mapaja ya mtu. Aliiweka chini ya mto wake. Nakundwa aliona, akaendelea kumnywesha mama uji.

Jumatano mama akafariki.

Wakazika Ijumaa. Wanachuo walikuja na walimu wawili, wakasimama pamoja, Tumsifu mbele yao na mkono wake begani kwa Mbazi. Baba mdogo Kiangi ndiye aliyeshika karatasi ya wasifu wa marehemu. Kiangi alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa kumbukumbu. Tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu wa ukoo aliijua kwa kichwa, na mambo ya shuleni hayakuwa yake. Akasoma: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akaugua. Ameacha watoto wawili. Kisha kaburi likafukiwa, yakaanza kuitwa mashada.

"Mtoto wa kwanza," akaita Kiangi. "Nakundwa. Aje aweke shada la mama yake."

Wakainuka wawili.

Nakundwa aliinuka kwa sababu ndiye. Mbazi aliinuka kwa sababu kwa miaka saba, kila lilipoitwa jina lile, yeye ndiye aliyeitika, na siku ile kichwa chake kilikuwa hakimtumikii. Wakafika kwenye udongo pamoja. Shada la mtoto wa kwanza lilikuwa moja. Mikono minne ikalishika, na kwa muda hakuna aliyejua nani aachie. Mbazi ndiye aliyeachia.

"Mtoto wa pili," akaita Kiangi, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Mbazi."

Hakuna aliyesogea. Mbazi alikuwa amesimama palepale pembeni ya kaburi, na ilibidi Shangazi Nambike ampe shada mkononi na kumwambia, "Ni wewe, mwanangu. Weka."

Wanachuo wakatazamana. Tumsifu hakumtazama mtu. Alitazama chini.

Wenzake walipoondoka, yeye alibaki. Jumapili, baada ya kufagia uwanja wa matanga, wanawake wanne walikaa chumba cha marehemu: Nakundwa, Mbazi, Tumsifu na shangazi. Fomu iliwekwa juu ya kigoda cha mama, na kalamu juu yake.

"Nimekaa nawe miaka mitatu," Tumsifu akamwambia Mbazi. "Nilikutibu malaria. Nikikuita Nakundwa, unaitika. Usingizini pia ulikuwa unaitika."

"Ungetaka nikuambie nini, Tumsifu?"

"Sijui. Sikuja kukushitaki. Kama ningetaka, ningekwenda na walimu juzi. Nina maneno machache tu, niyaseme nilale." Akakunja khanga magotini. "Mimi kidato cha nne nilifeli mara ya kwanza. Mjomba akaleta cheti cha binti yake aliyekufa, alama nzuri, akasema nikitumie. Baba akakataa. Akasema, ukifeli, feli wewe. Nikarudia mwaka mzima na watoto wadogo wakinicheka, wananiita bibi. Kila nilichonacho kina jina langu. Alama ulizonizidi ni za mradi, na mradi ulipimwa na dada yako. Katika orodha ile nafasi ilikuwa moja, na aliyesoma kwa jina lake ni mimi. Basi. Mkiniambia ninyamaze, nitanyamaza. Lakini msiniambie kwamba sistahili."

Shangazi akaguna. "Huyu mtoto kafundwa."

Mbazi alikuwa akilia bila sauti. "Hayo yote kweli," akasema. "Lakini nani alikesha? Jina halikukaa kwenye mtihani, nilikaa mimi. Jina halikujifunza hesabu. Nilitoka hapa sijui hata kujumlisha sehemu, nikapelekwa mahali pa mtu mwenye akili kuliko mimi, na kila siku nikaogopa kumwaibisha. Nilichelewa kulala, nikawahi kuamka, miaka saba. Namba za dada zilikuwa namba tu mpaka nilipozikokotoa. Nikikosa hii, sikosi chuo kikuu peke yake. Wakiuliza, stashahada inakwenda, sekondari inakwenda, nabaki mtoto wa darasa la saba aliyefeli. Na nilikuwa mtoto waliponipeleka. Niliambiwa niende, nikaenda."

"Na uliambiwa urudishe," akasema shangazi. "Mbona hilo hulitaji? Dada yako hasemi, basi nitasema mimi. Aliyechaguliwa ni nani? Ni huyu. Aliyembeba mama ni nani? Ni huyu. Aliyesimama kwenye matope mwaka mzima na ufito? Ni huyu. Hajaolewa, hajasoma, hata jina la kuandika kwenye daftari hana. Kiti kile kimeandikwa Nakundwa. Nakundwa yupo. Aende akakae."

"Ataelewa nini darasani, shangazi?" Mbazi akauliza. Aliuliza kwa upole, na kwa sababu hiyo liliuma zaidi.

Nakundwa ndipo alipofungua kinywa.

"Pengine nisielewe," akasema. "Ningependa nishindwe mwenyewe."

Nje mtu alikuwa anarudisha viti vya kuazima, vikigongana. Nakundwa akakivuta kigoda karibu yake. Akitia sahihi kuthibitisha, Mbazi atakwenda, na yeye itambidi aandike chini ya fomu ile, kwa mkono wake, kwamba yeye ni Mbazi. Akiichukua fomu na cheti chake cha kuzaliwa akaenda mwenyewe, hakuna atakayeweza kumwambia kwamba yeye si Nakundwa. Asipofanya lolote, Jumatatu saa tisa itapita, na Tumsifu ataitwa.

Akashika kalamu. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Mara ya kwanza uliniwekea cheti mapajani. Mara ya pili uliniwekea. Mara hii uliificha barua. Kwa nini?"

Mbazi akajifuta uso kwa khanga.

"Mara zile nilijua hutalipokea jina lako," akasema. "Safari hii mama alikuwa anakufa. Nikaona hakuna tena kitakachokuzuia. Niliogopa utalipokea."

Nakundwa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepima maji akakuta yamefika pale alipokuwa anadhani. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, wale watatu walikuwa wanaitazama, na juu ya mlima ndiva ilikuwa inajaa kwa zamu ya kesho.

Anayesimulia anaiachia hapo, kwa maana hapo ndipo alipoachiwa. Aliyeitwa, aliyeitika, na aliyengoja kwa jina lake mwenyewe: wote watatu walikuwa chumba kimoja, na kiti kilikuwa kimoja. Ninyi mliosikia mpaka mwisho, mngekuwa ninyi wenye kalamu, je, kile kiti mngesema nani alikistahili?