Jitu la Njia ya Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi akanawe uso, maana hadithi ya leo ina mbio.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasikilizana lugha, palikuwa na chemchemi kati ya kilima cha watu na bonde la wanyama. Masika wote waliteka maji hapo bila neno. Kiangazi maji yalipungua, yakatosha upande mmoja tu. Kwa hiyo kila mwaka walicheza mpira, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na bao la kwanza ndilo lililomaliza maneno. Walioshinda walichukua chemchemi. Walioshindwa walikwenda kuteka mtoni, mwendo wa tangu alfajiri hadi jua la utosi.

Mwaka uliopita watu walishindwa. Nyamizi, mke wa Kasanda, alikwenda mtoni kiangazi chote akiwa na mimba. Siku moja alianguka njiani, mtungi ukapasuka, akakaa mavumbini akalia peke yake. Sasa mtoto alikuwa amezaliwa, jina lake Kabula, na kiangazi kilikuwa kinarudi. Kila alipomfunga mgongoni, Nyamizi aliwaza, "Huyu nitamfikishaje mtoni, na nitarudi naye vipi?" Lakini hakumwambia mtu. Alikuwa na haya nyingi mno, hata salamu ilimkwama kooni.

Mtemi akaita watu wote. Akasema, "Mwaka huu hatuchagui wachezaji kwa kujuana. Mwaka huu tutapima."

Akamleta Karani Tamba, yule ndege mwenye miguu mirefu na manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa. Karani Tamba alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na vigae vya kuandikia kwa mkaa. Akapima miundi ya miguu. Akapima vifua. Akawapandisha wanaume mlimani mbio, kisha akaweka sikio lake kifuani kwa kila mmoja na kuhesabu mapigo.

Akafika kwa Kasanda, mfungaji mabao wa kijiji tangu ujana wake.

"Mimi unipime nini?" Kasanda akacheka. "Waulize hata mbuzi, wananijua."

"Goti la kushoto linachelewa," akasema Karani Tamba. "Nje."

"Nje? Mimi?"

"Mimi nasema kilichopimwa."

Watu wakashika vichwa. Kasanda akatolewa! Nyamizi alimtazama mumewe akisimama mdomo wazi kama aliyemwagiwa maji ya baridi, akaona haya kwa niaba yake.

Karani Tamba akachagua kumi. Kisha akatoa bonge la udongo mkavu lenye alama ya unyayo.

"Wa kumi na moja sijamwona," akasema. "Nimeona nyayo zake tu, kwenye njia ya chemchemi, siku tisa mfululizo. Anapanda ule mteremko akikimbia. Hatelezi. Hatangulizi kisigino. Na udongo umebonyea mno, nimeupima mara tatu. Hesabu inasema mtu huyu ana uzito wa watu wawili. Hili ni jitu."

"Jitu!" watu wakapiga kelele. "Hapa kwetu?"

Bibi mmoja akauliza, "Mbona mguu wenyewe mdogo?"

"Majitu mengine yana miguu midogo, bibi. Mimi nasema kilichopimwa."

Basi akaruka hadi juu ya mwamba, akasoma orodha kwa sauti kuu ili bonde nalo lisikie, kama ilivyokuwa desturi. Jina lililosomwa halikubadilishwa tena. Aliposema, "Wa kumi na moja ni jitu, mwenye unyayo huu," wanyama wote bondeni wakainua vichwa. Kisha sauti ya Twiga ikasikika, "Mama yangu!"

Sasa likabaki kumtafuta mwenye mguu. Akaja mfua chuma, kisigino kikabaki nje. Akaja mwindaji, vidole vikabaki nje. Akaja Kasanda mwenyewe.

"Kunja vidole!" watu wakamwambia.

"Nimevikunja!"

"Kunja tena!"

"Nikunje nini tena, mnataka nikate?"

Wakacheka hadi wakakaa chini. Lakini Nyamizi hakucheka. Alikuwa amesogea karibu, akaona katika ule udongo kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Akatazama mguu wake. Kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Ni yeye aliyekimbia njia ile kila alfajiri. Na uzito wa watu wawili alijua umetoka wapi.

Akarudi nyuma taratibu, akajificha mgongoni kwa bibi yule.

Mtemi akashusha pumzi. "Mwenyewe hayupo. Tutacheza kumi."

"Kumi?" watu wakasema. "Na Kifaru yule wa bondeni tutamzuiaje?"

Kabula akakohoa mgongoni. Nyamizi akauona mto, na vumbi, na vigae vya mtungi. Akasema, "Ni wangu." Sauti ndogo, bibi peke yake akasikia.

"Unasemaje, mama Kabula?"

"Huo unyayo. Ni wangu."

Jamani! Hata mbwa waliacha kubweka. Karani Tamba akamwita, akamwekea bonge chini. Mguu ukaingia kama yai kwenye kiota. Manyoya yote ya kisogoni yakamsimama Karani Tamba.

"Haiwezekani. Na ule uzito?"

"Nilikuwa na mtoto mgongoni," akasema Nyamizi akitazama chini, "na mtungi umejaa kichwani."

"Na mbio zilikuwa za nini?"

"Nisikutane na watu."

Kasanda akaruka mbele. "Mke wangu akacheze na Kifaru? Mmerogwa?"

"Baba Kabula," akasema Nyamizi, "mshike mtoto."

Kasanda akamtazama. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ile. Akampokea mtoto.

Siku ya mchezo ikafika. Nyamizi akaingia uwanjani mgongo mtupu, kichwa kitupu, na hatua yake ya kwanza nusura imwangushe. Mwili ulikuwa mwepesi hata ukamtisha! Miguu yake ilikuwa imezoea kubeba watu wawili, sasa inambeba mmoja.

Wanyama nao walikuwa wamejipanga kwa ajili ya jitu. Twiga alisimama katikati ili aone mbali. Kifaru alisimama nyuma yake, pembe mbele. Golini alisimama Kiboko, na goli lote likajaa. Wakatazama juu, juu kabisa, kule ambako kichwa cha jitu kingetokea.

Walicheza hadi kivuli kikazidi mtu. Wale kumi wakachoka, ndimi nje. Pembeni Kasanda alikuwa akikimbia huku na huku na Kabula begani.

"Mama Kabula, mtoto analia!"

"Mpe uji!"

"Ameutema!"

Hapo mpira wa matambara ukamfikia Nyamizi mguuni. Akaondoka nao mbio.

Twiga akainamisha shingo. "We mama, jitu liko wapi?"

Nyamizi akashindwa kusema, akaonyesha nyuma kwa kidole. Twiga akainua shingo kutazama. Nyamizi akapita chini ya tumbo lake.

Kifaru akafoka, "We mama, jitu liko wapi?"

"Nyuma," akasema Nyamizi. Kifaru akakaza macho yake mabovu kule nyuma. Nyamizi akapita ubavuni.

Kiboko akatetemeka golini. "We mama! Jitu liko wapi?"

"Lipo nyuma, linakuja!" Nyamizi akapaza sauti, hata yeye akaishangaa. "Simama wima ulione!"

Kiboko akasimama wima kwa miguu ya nyuma. Mpira ukapita katikati ya miguu hiyo.

Bao! Bibi yule akapiga kigelegele, na kilima kizima kikapokea. Kasanda akaja mbio na mtoto, machozi yakimtoka, hata hakujua kwamba ameukanyaga mguu wa Mtemi.

"Bao gani hilo?" Kiboko akalalamika. "Jitu halijacheza bado!"

"Jitu ni mimi," akasema Nyamizi, akimshusha Kabula kutoka begani kwa baba yake ili amnyonyeshe.

Wanyama wakamtazama, wakatazamana, wakakataa kabisa kuamini. Wakaondoka kwenda mtoni wakigeuka nyuma kila hatua. Kiboko akaingia majini, akazama mwili wote, akaacha macho na pua tu nje. Amekaa hivyo hadi leo. Akina mama wakishuka kuoga, huwatazama mmoja mmoja, kisha hutazama nyuma yao, mbali, kwenye njia, akilingoja jitu lifike.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeipenda aichukue, na aliyesinzia atasimuliwa na jirani yake.