Beberu wa Karamu Aliyepanda Kigodani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nani huyo anaitikia kama anaumwa jino? Hadithi yangu haitoki mpaka iitwe kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni karibu, lakini msinizibie moto, mifupa yangu nayo inataka joto.

Hapo zamani za kale, wanyama waliposema na watu wakawajibu, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Vumbini. Watu wa Vumbini walipenda hadithi kuliko usingizi. Kila mwaka baada ya mavuno walifanya tamasha la hadithi. Waliweka kigoda katikati ya uwanja, na kila mwenye mdomo alipata zamu yake. Hadithi ya mwisho ikimalizika, beberu anachinjwa, pilau linapikwa, watu wanakula na kwenda zao.

Sasa, beberu huyo hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa wa mji mzima, kwa hiyo alinenepeshwa na mji mzima. Wiki hii anafungwa nyuma ya nyumba hii, wiki ijayo nyuma ya nyumba ile. Mwaka mzima alikula maganda ya ndizi ya kila mtu, na mwaka mzima alisikia. Nyuma ya nyumba, wanangu, ndiko watu wanakosemea ukweli. Wala hakuna aliyefikiri kwamba kitu chenye masikio marefu vile huenda kinasikia. Ndivyo walivyokuwa watu wa Vumbini, werevu mpaka wanapitiliza.

Siku ya tamasha ikafika. Wasimulizi wakasimulia, wakasimulia, wakasimulia, mpaka jua likaanza kuinama. Bi Zawena, mpishi mkuu wa tamasha, akachukua kisu akaanza kukinoa. Kwere, kwere, kwere. Beberu akaisikia sauti ile. Aliogopa sana, jamani. Msimcheke, nanyi mngeogopa.

Msimulizi wa mwisho alipoinuka kigodani, beberu akapaza sauti.

"Meee! Na mimi nina mdomo!"

Jumbe Mwinchumu, mkuu wa mji, mtu mwenye tumbo la heshima, akacheka mpaka akakohoa. "Beberu, wewe ni kitoweo. Kitoweo hakisimulii."

"Shikamoo Jumbe. Sheria inasemaje?"

"Kila mwenye mdomo!" watu wakajibu kwa pamoja. Walikuwa na njaa, lakini hadithi ni hadithi.

"Haya, panda," akasema Jumbe. "Ila iwe fupi. Mchele umeshaoshwa."

Beberu akapanda, kwato nne juu ya kigoda kimoja.

Ngojeni niwaambie jambo moja. Huko Vumbini, msimulizi akisema, wasikilizaji huitika "Ehee!" na si neno jingine. Anayekatiza kwa neno jingine, basi yeye ndiye anayepanda kigodani na kuiendeleza hadithi ile ile pale ilipofika. Waliitunga sheria hiyo ili kuwafunga midomo wabishi.

Beberu akaanza. "Palikuwa na bwana mmoja mnene."

"Ehee!"

"Jumatatu moja alimwambia mkewe, 'Mke wangu, leo nimefunga, usinipikie.'"

"Ehee!"

"Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa kando ya mbuzi, akala vitumbua. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka kumi."

"Si kumi!" Jumbe akaruka. "Vilikuwa vinne!"

Mke wa Jumbe akamgeukia mumewe polepole sana. Halafu watu wakapasuka, "Kigodani! Kigodani! Kigodani!"

Jumbe akapanda huku jasho likimtiririka. Alichotaka ni kitu kimoja tu, macho ya mkewe yamwache, yaende kwa mwingine. "Basi," akasema, "yule bwana alipokuwa anakula vile vinne, akamwona fundi wa nguo."

"Ehee!"

"Ukimpa fundi huyo kitambaa cha kanzu, anakurudishia kanzu inayokubana. Mji mzima ukadhani umenenepa."

"Ehee!"

"Kumbe kila kitambaa anakimega kipande! Amejishonea pazia la chumbani, lina rangi za nguo za mji mzima!"

"Pazia langu limemkosea nani?" akapiga kelele Fundi Ngwali, mshonaji wa Vumbini.

"Kigodani! Kigodani! Kigodani!"

Fundi Ngwali akapanda. Watu walikuwa wanazitazama kanzu zao, yeye akatazama juu. "Basi yule fundi alichungulia nje ya pazia lake, akaona uani kwa mpishi mmoja mashuhuri."

"Ehee!"

"Mpishi huyo anasifiwa kwa pilau lake. Lakini anayetia viungo ni mama mkwe wake. Huingizwa kwa mlango wa uani alfajiri, hutolewa kwa mlango wa uani kabla wageni hawajafika."

"Mama anakoroga tu!" akafoka Bi Zawena.

"Kigodani! Kigodani! Kigodani!"

Bi Zawena akaenda kigodani na kisu chake mkononi. Beberu, aliyesimama pembeni, akafumba macho. Aliona sasa yamekwisha, maana huyu hakuja kusimulia, amekuja kumaliza.

Kumaliza nako kulikuwa na utaratibu wake. Hadithi ya Vumbini haijaisha mpaka wasikilizaji waseme "Tumepokea!" Na wakishapokea, yaliyosemwa kigodani hufuatwa kama yalivyosemwa, hata na Jumbe.

"Basi," akasema Bi Zawena kwa pumzi moja, "jioni ile wakamkamata yule mbuzi mbeya, wakamchinja, wakamla. Imekwisha!"

Kimya.

"Mbona hampokei? Hamna njaa?"

"Tunayo," akajibu mke wa Jumbe. "Lakini mbuzi gani huyo? Yule aliyekuwepo kwenye vitumbua?"

"Huyo huyo."

"Ndiye mkweli peke yake katika hadithi nzima. Mimi sipokei." Na machozi yakamtoka. Waliokaa karibu naye nao wakaanza kuvuta makamasi.

Bi Zawena akajaribu tena. "Haya, hakuchinjwa. Alitorokea porini, akaliwa na fisi. Imekwisha!"

Sauti ikatoka nyuma ya ua. "Mimi sikuwepo!" Alikuwa fisi, amekuja kusikiliza hadithi kama watu wengine. Kwa mara ya kwanza siku ile, hakuna aliyesema "Kigodani." Watu walijifanya hawakusikia.

Bi Zawena akachoka. Akakitupa kisu chini. "Basi aliishi! Mmeridhika? Aliishi, akazeeka, akaota ndevu mpaka magotini, na wale watu wakala pilau la kunde! Imekwisha!"

"TUMEPOKEA!"

Mji ukalipuka. Watu wakarukaruka, wakakumbatiana, vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Beberu naye akaruka, kwato zote nne hewani.

Masinia yakaletwa. Fundi Ngwali akapekua wali huku na huku. "Nyama iko wapi?"

"Mmepokea wenyewe," akajibu Bi Zawena.

Watu wakatazamana. Kila mmoja akauliza nani aliyepokea kwanza, na kila mmoja akamwonyesha jirani yake. Mwishowe wakaanza kula kunde, huku wakimtupia jicho yule beberu aliyenona na kumeza mate.

Huko Vumbini, wasimulizi hula sinia moja na Jumbe. Beberu akaja taratibu, akasimama juu ya mkeka.

"Jumbe, sogea kidogo. Nimesimulia."

Jumbe akasogea. Beberu akaketi kati yake na fundi, akala tonge la kwanza, akatafuna, akatafuna, akatafuna. Kisha akainua kichwa.

"Chumvi imepungua."

Sinia zima likamtumbulia macho. Jumbe akafungua mdomo amkaripie. Akakumbuka mwaka una wiki ngapi, na kila wiki beberu yuko nyuma ya nyumba ya mtu, akaufunga.

Bi Zawena akainuka, akaenda kuleta chumvi.

Hadithi yangu imelala hapo, nanyi msiiamshe.