Kwa Nini Majani ya Maboga Hulegea Mchana

Zamani majani ya maboga hayakujua kuinama. Asubuhi, mchana na jioni yalisimama wima yakilitazama jua, na maboga yalilala chini peupe kama watoto wasio na mtu. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa jua la siku zile lilikuwa la upole.

Kikaja kiangazi ambacho hata mijusi walitembea kwa kurukaruka, maana ardhi iliwaunguza. Watu wakayahurumia maboga yao. Jua likiwa utosini, wakayamwagia maji ya baridi ya mtungini. Maboga yakapasuka. Yalilia kama ngoma, shamba hadi shamba, na mbegu zikamwagika zikiwa zimekwisha kuiva kwa moto. Watu walibaki wamesimama na vibuyu mikononi.

Likanusurika moja tu, boga kubwa kuliko kigoda, la Sechelela, mama mchanga aliyeona haya kusema mbele za watu. Yeye alikuwa bado hajarudi kutoka kisimani, kwa hiyo lake halikumwagiwa maji. Sasa mbegu zote za mwakani zilikuwa ndani ya boga hilo. Alipofika aliligusa, akauondoa mkono upesi.

Ndipo akamfungua mwanawe mgongoni, akaitandaza mbeleko juu ya boga. Mtoto akamlaza kwenye kivuli cha mwili wake mwenyewe. Watu wakaguna kwa hofu. Kwao mbeleko ilikuwa ya mtoto peke yake. Kukifunika nayo kitu kingine ilikuwa sawa na kumwombea mtoto kifo.

"Mkwe wangu," alisema Mwendwa, mama wa mumewe, kwa sauti ndogo, "boga hili umelizaa lini? Mbona sikuitwa kukukanda?"

"Mama, likipasuka hili, huyu mjukuu wako atakula nini mwakani?"

Mwendwa alikuja akasimama upande wa pili ili kivuli kiongezeke. Lakini mbeleko ilikuwa fupi, na pale ilipoishia, ganda likaanza kufanya ufa.

Hapo jani moja likainama. Hapakuwa na upepo, wala hakuna aliyeligusa. La pili likafuata, kisha la tatu, mpaka mmea wote ukalegeza majani yake juu ya boga. Ulikuwa umeona mwanawe akifunikwa na mtu baki, ukaona aibu. Ufa ukakoma.

Jua lilipopoa, majani yakainuka yenyewe, mabichi kabisa. Mwendwa aliichukua mbeleko, akamfunga mjukuu wake mgongoni mwa mamaye.

Na tangu siku hiyo majani ya maboga hulegea jua linapowaka, na jioni husimama tena. Asiyejua hudhani yanakufa, akakimbilia maji. Ninyi msiyamwagie saa hiyo, wanangu. Yanalea.