Jini la Jua la Utosi

Palikuwa na jumbe mmoja, Mwinyikai, aliyepiga marufuku watu kutoka nje jua linapofika utosini. Saa hiyo, alisema, ni ya majini. Watu wakawa wanajifungia ndani, na kila walipofungua milango walikuta mafenesi yamepungua mitini.

Bi Mashavu, mjane aliyeishi kwa kuuza mafenesi, alishangaa jini gani hilo linalojua kuchagua yaliyoiva tu. Alipobakiwa na fenesi moja, akaenda barazani kwa Jumbe, akamuuliza mbele za watu, "Jumbe, jini hilo tutalijuaje?"

"Hujigeuza mtu. Linaweza kuja hata na sura yangu."

"Na likisema ndiye wewe?"

"Uongo mtupu. Mimi saa hiyo nimelala kwangu."

"Dawa yake?"

"Bakora ya mkwaju," akasema Jumbe akicheka, "na usisikilize kilio chake."

Bi Mashavu akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake jioni akarudi barazani. Alimkuta Jumbe amesimama kando ya kiti chake.

"Jumbe, lilikuja," akasema. "Sura yako, kanzu yako, na fenesi langu begani. Likalia, likaapa kuwa ni wewe. Nikakumbuka maneno yako, nikazidisha bakora. Nimekosea?"

Watu wote wakamgeukia Jumbe.

"Hujakosea," akasema Jumbe, mkono kiunoni. "Ahsante sana, Bi Mashavu."

"Basi keti, Jumbe. Mbona leo umesimama?"