Mbuzi wa Bwana Roy

Alfajiri za Kitengela huwa na ukungu mweupe, na ukungu huo ukikutana na mapaa ya nailoni ya shamba la maua, mtu hajui mbingu inaanzia wapi. Mwihaki aliipenda saa hiyo. Alipita kati ya mistari ya waridi kama aliye usingizini, mkono mmoja juu ya tumbo lake la miezi mitano, akimwazia mwanawe majina.

Ila usingizi huo ulikuwa na sumu. Mashine ya dawa ilipopita iliwanyunyizia maua na wachumaji pamoja, wala hakuna aliyeambiwa atoke. Juma lililopita Nailantei, Mmaasai aliyechuma naye mstari mmoja, alikuwa amezimia. Mwihaki aliogopa kwelikweli.

Tangu zama za walowezi, wenye mashamba wamejua kugawa kazi kwa kabila. Hapa pia wachumaji wengi walikuwa Wakikuyu na walinzi wote Wamaasai, nao hawakupikika chungu kimoja. Safari hii, ajabu, walishikana. Walinzi walifunga lango, wachumaji wakaketi nyasini, na lori la kwenda uwanja wa ndege likabaki tupu. Dai lao lilikuwa moja tu: dawa isipigwe watu wakiwa ndani.

Kufikia adhuhuri, Bwana Roy, meneja, alikuwa akitokwa na jasho. Hakuita polisi. Aliwaletea mbuzi.

"Mmeshinda njaa, watu wangu. Kuleni kwanza, tutaongea," alisema kwa sauti ya asali.

Mbuzi akachinjwa, damu ikakingwa kwenye sufuria. Wamaitha, kinara wa wachumaji, akaidaka.

"Hii ni ya mutura, tuijaze utumboni tuchome."

Koinet, mkubwa wa walinzi, akamshika mkono. "Hapana, mama. Hiyo ni ya wazee, watakunywa kama iko moto. Mlikuja kwetu mkachukua mashamba, sasa hata damu?"

"Mashamba mliuza wenyewe, mkakula pesa!"

"Tulikuja hapa juu ya dawa, si juu ya mbuzi!" Nailantei alilia. Nani angemsikia? Matusi ya kabila yalikuwa yamekwisha kufumka, na sufuria ikapinduliwa. Koinet akaenda kufungua lango kwa hasira. Wamaitha naye akawahimiza wenzake warudi kazini upesi, wasije Wamaasai wakapewa nafasi zao.

Jioni lori liliondoka limejaa. Bwana Roy aliagiza achomewe paja la yule mbuzi, akalila barazani taratibu, akichokonoa meno na kutabasamu.

Ndani, mashine ilinguruma. Dawa ilishuka laini kama umande, ikapendeza kuitazama, na Mwihaki akajifunga leso tumboni kana kwamba kitambaa kingemkinga mwanawe. Nailantei akavua yake, akamwongezea juu ya ile ya kwanza. Wakaendelea kuchuma, machozi yakiwatiririka, wasijue ni ya dawa au ya uchungu. Kweli, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.